Kupanga Kazi ya Baadaye Ukiwa Mwanafunzi wa Saikolojia

Shahada ya kwanza ya saikolojia haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia. Wanafunzi wengi huligundua jambo hili wakiwa mwaka wa mwisho, ilhali lingewafaa zaidi wakiwa mwaka wa kwanza, kabla hawajachagua masomo ya hiari, mada ya utafiti na mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Anayesomea ualimu au uhandisi huhitimu akiwa na kazi inayobeba jina la masomo yake. Mhitimu wa saikolojia huwa na maarifa yanayohitajika katika kazi nyingi, lakini matangazo ya kazi hizo mara nyingi hayalitaji kabisa neno saikolojia. Kwa hiyo anayesubiri kuona nafasi yenye jina la fani yake atasubiri sana, na anayedhani kwamba kazi pekee iliyopo ni kuwatibu watu wenye msongo wa mawazo atakuwa ameacha nje sehemu kubwa ya soko la ajira.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni. Uamuzi wake wa kwanza si kuchagua kazi bali kuchagua njia. Ipo njia ya leseni, ambayo humpeleka kwenye uzamili au uzamivu na hatimaye usajili wa kitaaluma, na ipo njia ya ujuzi, ambayo humwezesha kuajiriwa kwa sababu anajua kupima, kuhoji na kueleza mienendo ya watu. Njia hizi hutofautiana kwa muda, kwa gharama na kwa aina ya ushahidi unaotakiwa, na aliyejiandaa kwa moja hajajiandaa moja kwa moja kwa nyingine.

Njia ya leseni

Njia hii inawahusu wanaotaka kuchunguza na kutibu matatizo ya kisaikolojia kwa dhamana yao wenyewe: wanasaikolojia tiba, wanasaikolojia wa elimu wanaowapima watoto wenye matatizo ya kujifunza, wanasaikolojia wa neva wanaokadiria athari za kiharusi au za jeraha la ubongo, wanasaikolojia wanaofanya tathmini kwa ajili ya mahakama na magereza, na katika nchi nyingi washauri nasaha pia. Masharti ya kuingia hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, na tofauti hizo si ndogo. Nchini Marekani majimbo mengi hudai shahada ya uzamivu, saa za kazi chini ya msimamizi na mtihani wa leseni kabla ya mtu kuruhusiwa kufanya kazi kwa kujitegemea. Nchini Uingereza cheo cha mwanasaikolojia tiba kinalindwa na sheria, na njia ya kawaida ya kukifikia ni mafunzo ya uzamivu ya miaka 3 yanayochanganya darasa, hospitali na utafiti. Ajabu ni kwamba jina mwanasaikolojia likiwa peke yake halilindwi huko, hivyo msomaji wa matangazo inambidi awe mwangalifu. Nchini Afrika Kusini msingi ni shahada ya uzamili, ikifuatiwa na miezi 12 ya mafunzo kazini, na anayetaka kuwa mwanasaikolojia tiba huongeza mwaka mmoja wa kuihudumia jamii. Kenya nayo ilitunga sheria inayowahusu washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014.

Kuna jambo ambalo bado linawachanganya wengi, hata walio ndani ya fani. Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu aliyesomea udaktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia kwa kawaida haandiki dawa, isipokuwa katika maeneo machache kama majimbo ya New Mexico na Louisiana nchini Marekani, ambayo mwaka 2002 na 2004 yalipitisha sheria za kumruhusu mwanasaikolojia aliyepata mafunzo ya ziada. Mwanafunzi anayevutiwa zaidi na dawa na ubongo kuliko mazungumzo na vipimo ajiulize mapema kama hapaswi kuomba udaktari, kwa sababu kuhama kutoka saikolojia kwenda udaktari baada ya kuhitimu hudai, katika nchi nyingi, kuanza masomo upya.

Kabla ya kulipa ada ya programu yoyote ya uzamili, tafuta majibu kutoka kwa bodi ya usajili yenyewe, wala si kutoka kwenye kipeperushi cha chuo. Uliza kama programu hiyo inatambuliwa na bodi, kama chuo ndicho kinachomtafutia mwanafunzi nafasi ya mafunzo kazini au mwanafunzi hujitafutia, kama mafunzo hayo hulipwa posho, na kama usajili utakubalika katika nchi nyingine unayofikiria kuishi. Swali la pili ndilo husahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Kuna programu zinazofundisha nadharia vizuri sana lakini zinamwachia mhitimu mzigo wa kutafuta msimamizi mwenye sifa, na bila msimamizi huyo saa zake za kazi hazihesabiwi. Kuwa mwangalifu pia na vyeti vya majuma machache vinavyouzwa kwenye intaneti kwa majina makubwa ya tiba. Vingine vina maarifa ya kufaa, lakini havichukui nafasi ya usajili, na mtu anayefungua chumba cha tiba kwa cheti kama hicho anaweza kuvunja sheria na, zaidi ya hapo, kumuumiza mgonjwa.

Nafasi za mafunzo ya tiba huwa chache kuliko waombaji karibu kila mahali, kwa hiyo alama nzuri pekee hazitoshi. Wanaochagua waombaji hutafuta dalili tatu: kwamba mwombaji amewahi kukaa na watu walio katika dhiki na akaendelea kuitaka kazi hiyo, kwamba anaelewa utafiti kiasi cha kuweza kuupinga, na kwamba kuna mtu mwenye sifa aliyemwona akifanya kazi na yuko tayari kumwandikia barua. Dalili ya kwanza hupatikana kwa kujitolea katika laini za simu za msaada, vituo vya watoto wenye mahitaji maalumu, nyumba za wazee au wodi za wagonjwa wa akili, pale ambapo kuna usimamizi. Ya pili na ya tatu hupatikana mara nyingi mahali pamoja, yaani kwa mhadhiri anayefanya utafiti. Usimwandikie mhadhiri kwamba unapenda saikolojia na ungependa kusaidia. Mwandikie kwamba umesoma makala yake fulani, taja swali moja ambalo makala hiyo ilikuachia, kisha eleza saa ngapi kwa juma unaweza kutoa na kazi gani unaiweza, hata kama ni kuingiza data au kunakili mahojiano yaliyorekodiwa. Kazi ya kunakili mahojiano inachosha, lakini hakuna darasa linalofundisha namna watu wanavyozungumza kwa kweli kama kazi hiyo inavyofundisha.

Njia hii ina gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye fomu ya ada. Kusikiliza maumivu ya wengine kila siku huchosha mwili na akili, ndiyo maana fani imeweka utaratibu wa mtabibu naye kuwa na msimamizi anayemsikiliza. Wapo wanaoingia saikolojia ili kuyaelewa majeraha yao wenyewe, na hilo si kosa. Linageuka kuwa tatizo pale mtu anapotaka wagonjwa wamtibu yeye.

Kazi zisizobeba jina la fani

Njia ya ujuzi ni pana zaidi na imetembelewa tangu zamani. Kinachouzwa hapa ni mambo ambayo mwanafunzi wa saikolojia huyaona ya kawaida kwa sababu ameyasoma kila muhula: kutunga dodoso lisilomwelekeza mjibu, kuchagua sampuli, kutofautisha mambo yanayokwenda pamoja na mambo yanayosababishana, na kujua kwamba binadamu huona kirahisi kile alichotarajia kukiona. Nje ya chuo maarifa haya ni adimu kuliko wahitimu wanavyodhani.

Uwanja wa rasilimali watu ndio unaowapokea wengi, na bado wengi huingia humo bila kutumia walichosoma. Mfano wa Daniel Kahneman unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa alichokifanya alikifanya akiwa na shahada ya kwanza tu. Alihitimu saikolojia na hisabati mwaka 1954, na mwaka uliofuata, akiwa askari katika jeshi la Israeli, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Wasaili waliokuwapo walizungumza na kila kijana kwa muda kisha wakatoa uamuzi wa jumla kuhusu tabia yake, na uamuzi huo ulitabiri kidogo sana namna kijana huyo angefanya kazi. Kahneman aliwataka waulize maswali yaliyopangwa kuhusu sifa 6, kila sifa ipewe alama yake kabla ya kuhamia nyingine, na tathmini ya jumla isubiri hadi mwisho. Wasaili walinung'unika kwamba wanageuzwa mashine, lakini utaratibu huo ulitabiri vizuri zaidi kuliko ule wa awali na ukatumika kwa miongo mingi. Mwaka 2002 mtu huyohuyo alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, ingawa huo ni mkondo mwingine wa maisha yake.

Mwanafunzi anayetaka kazi ya kuajiri, kufundisha wafanyakazi au kutathmini utendaji ajifunze kutokana na mfano huo kwamba thamani yake haiko katika kupenda kukaa na watu, sifa ambayo kila mwombaji huitaja, bali katika kujua kwa nini usaili usiopangwa hukosea na namna ya kuupanga. Achague somo la saikolojia ya kazi na la upimaji, asome misingi ya sheria za kazi za nchi yake, na akipata mafunzo kwa vitendo aombe kuboresha hata fomu moja ya usaili. Fomu hiyo itamsemea kuliko aya nzima ya barua ya maombi.

Uwanja wa pili, ambao mimi huuona wa kuvutia zaidi, ni wa kuvifanya vyombo na programu vilingane na akili ya mtumiaji. Asili yake inaonekana vizuri katika Vita Vikuu vya Pili, wakati ndege za kivita za Marekani zilipokuwa zikiharibika zikiwa zimeshatua salama kwa sababu rubani, akitaka kukunja vibawa vya nyuma ya mabawa makuu (flaps), alikunja magurudumu. Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia kijana, aliona kwamba mipini miwili ya kuendeshea vitu hivyo ilifanana na ilikaa jirani; badala ya kuwalaumu marubani, alipendekeza mmoja uwekewe kichwa chenye umbo la gurudumu na mwingine umbo la kabari, ili mkono uvitambue bila macho. Mwaka 1945 kampuni ya utafiti wa simu ya Bell Labs ilimwajiri John Karlin, mwanasaikolojia wa majaribio aliyezaliwa Afrika Kusini, na kundi lake lilijaribu mipangilio mbalimbali ya vitufe hadi kuupata ule uliotoka na simu za vitufe mwaka 1963, wenye 1, 2 na 3 juu, ambao hadi leo uko kwenye simu zetu.

Leo kazi hiyo hufanywa katika kampuni za programu, benki, hospitali na taasisi za serikali zinazotoa huduma kwa mtandao, na anayeifanya huitwa mtafiti wa watumiaji au jina linalokaribiana na hilo. Siku yake hupita akimpa mtu programu, akimtazama anapokwama, akiuliza bila kumwonyesha jibu, na kuandika ripoti fupi itakayomfanya mhandisi akubali kubadilisha kitu. Tofauti na tiba, hakuna leseni inayodaiwa. Kinachodaiwa ni mifano ya kazi. Mwanafunzi anaweza kuitengeneza mifano hiyo akiwa chuoni kwa kuchagua huduma moja inayowasumbua wanafunzi wenzake, tuseme mfumo wa kujisajili masomo, kuwaomba watu 5 au 6 waitumie mbele yake, kuandika walipokwama na sababu, kisha kupendekeza marekebisho. Watu wachache namna hiyo hawatoshi kudai asilimia, na mwandishi wa ripoti aliseme hilo wazi. Hata hivyo wanatosha kuonyesha mahali ambapo mfumo unawashinda watu.

Utafiti wa soko na tathmini ya miradi vinakaa jirani na hapo. Kampuni hutaka kujua kwa nini mteja aliacha kununua, na shirika la misaada hutaka kujua kama mafunzo liliyoyatoa yalibadilisha mwenendo wa waliofundishwa au yalijaza tu daftari la mahudhurio. Maswali hayo yana umbo moja, na mbinu za kuyajibu ni zilezile za somo la utafiti. Anayetaka kuingia huko aongeze uwezo wa takwimu kuliko kitu kingine chochote.

Sera za umma pia zimekuwa uwanja wa watu wa fani hii, hasa tangu serikali ya Uingereza ilipounda mwaka 2010 kikosi cha kutumia sayansi ya mienendo katika utungaji wa sera. Moja ya kazi zake zilizojulikana ilikuwa kubadilisha maneno ya barua za kuwakumbusha watu kulipa kodi, kwa kuwaeleza kwamba wengi wa wenzao hulipa kwa wakati, na kulinganisha barua hizo na za kawaida kwa majaribio ya nasibu, yaani bahati tu ndiyo iliyoamua nani apate barua ipi. Nafasi za namna hii si nyingi, na mara nyingi hudai uzamili.

Ziko pia kazi za ustawi wa jamii, uangalizi wa wafungwa wanaotumikia kifungo nje, elimu ya mahitaji maalumu, uhamasishaji wa afya na usaidizi wa wanafunzi vyuoni. Baadhi yake zina leseni au diploma zake zenyewe, kwa hiyo rudi kwenye maswali ya bodi yaliyotajwa juu. Ualimu wa chuo kikuu na utafiti wa kudumu ni njia ya uzamivu, na anayeifuata aifuate kwa sababu anapenda utafiti wenyewe, maana nafasi za kudumu hazilingani na idadi ya wanaohitimu.

Kujaribu kabla ya kuamua

Makosa mengi ya kuchagua kazi hutokana na kuchagua cheo badala ya kuchagua siku. Mtu huvutiwa na jina la mwanasaikolojia wa jinai, kumbe sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusoma majalada, kufanya vipimo vya hatari ya kurudia kosa na kuandika ripoti ndefu ambayo wakili ataichambua neno kwa neno. Anayechukia kuandika atateseka, hata kama anapenda habari za uhalifu.

Njia ya kuijua siku ya kazi ni kuwauliza wanaoifanya. Watafute wahitimu wa idara yako waliotangulia miaka 3 hadi 10. Waliotangulia miaka 30 waliingia kwenye soko tofauti. Omba dakika 20, usiombe kazi. Waulize walifanya nini jana tangu asubuhi, sehemu gani ya kazi wangeiondoa kama wangeweza, wanapomchagua msaidizi hutazama nini kwanza, na ni somo gani la chuo walilolidharau ambalo sasa wanalihitaji. Jibu la swali la mwisho huwa, mara nyingi mno, takwimu.

Hapo ndipo mwanafunzi anapopaswa kuwa mkweli kwa nafsi yake. Wengi huchagua saikolojia wakiamini wameikimbia hisabati, kisha huipita takwimu kwa kukariri na kuisahau. Si lazima mtu awe mtaalamu, lakini mhitimu anayeweza kuchukua jedwali la data chafu, akalisafisha kwa programu za kompyuta za takwimu kama R au SPSS, akachora mchoro unaosomeka na kueleza kwa sentensi nyepesi nini kimeonekana na nini hakijathibitika, ana faida ambayo wenzake hawana, katika njia zote mbili. R haina malipo, kwa hiyo ukosefu wa fedha si kizuizi hapa.

Tasnifu ya mwaka wa mwisho ichaguliwe kwa jicho hilohilo. Anayeelekea rasilimali watu na achunguze jambo la kazini. Anayeelekea tiba achague mada inayogusa afya ya akili huku akizingatia masharti ya maadili ya utafiti, maana kamati za maadili huchelewesha, kwa haki kabisa, tafiti zinazowahusu wagonjwa na watoto, na mwanafunzi asiyelijua hilo hujikuta muhula umekwisha kabla hajakusanya data.

Kuandika wasifu na kutunza kumbukumbu

Mwajiri asiye wa fani haelewi majina ya masomo. Ukiandika kwamba ulisoma upimaji wa kisaikolojia, hajui ufanye nini ofisini kwake. Andika kwamba ulitunga dodoso la maswali kadhaa, ukalijaribu kwa kundi dogo, ukaondoa maswali yaliyoeleweka vibaya na ukawasilisha matokeo kwa watu wasio wataalamu. Taja idadi halisi ya washiriki na programu uliyoitumia. Maneno kama kuwaelewa watu na kupenda kusaidia yaache. Hayamtofautishi mwombaji yeyote. Katika usaili jiandae pia kwa yule atakayetania kwamba unayasoma mawazo yake. Cheka, kisha tumia nafasi hiyo kueleza kwa sentensi moja unachoweza kukifanya.

Anza mapema kutunza nyaraka. Hifadhi mihtasari ya kozi zote ulizosoma, si matokeo ya mitihani peke yake, kwa sababu bodi za usajili na vyuo vya nje hutaka kuona yaliyofundishwa na saa zilizotumika, na idara hubadilisha mitaala na kuiacha ya zamani ipotee. Kila mahali ulipojitolea au kufanya mafunzo, andika tarehe, saa, aina ya kazi na jina la msimamizi, na umwombe aisaini karatasi hiyo kabla hujaondoka, wala si miaka miwili baadaye atakapokuwa amehamia kwingine. Barua za kukutambulisha kwa ajili ya uzamili ziombwe walau miezi 2 kabla ya mwisho wa maombi, zikiambatana na wasifu wako, maelezo ya programu na orodha fupi ya kazi ulizozifanya ukiwa na mhadhiri huyo, kwa maana amewafundisha mamia na hawezi kukumbuka kila jambo.